Barua Isiyo na Anwani: Vijana wa Voi, Mtandao na Lugha ya Kumfikia Mwakilishi

Mwanafunzi yeyote aliyepitia shule ya upili nchini Kenya chini ya mfumo wa 8-4-4 anaijua barua rasmi. Anajua kwamba anwani ya mwandishi huja kwanza, ya mwandikiwa hufuata, kisha mtajo, kisha kiini cha barua kinachotanguliwa na MINT, KUH au YAH, halafu mwili, na hatimaye ‘Wako mwaminifu’. Katika karatasi ya kwanza ya Kiswahili ya mtihani wa kitaifa, swali la kwanza ni la lazima nalo hutahini utungaji wa kiuamilifu. Kwa miaka minne kijana huwaandikia wakurugenzi wa kubuni, wahariri wa kubuni na machifu wa kubuni, akilalamikia barabara mbovu, uhaba wa maji na ukosefu wa usalama katika mitaa isiyokuwepo. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumjibu, na hilo si ajabu. Ajabu ni kwamba kijana yuyo huyo, akishatoka chumba cha mtihani na kuingia katika ulimwengu wenye mbunge wa kweli na kiu ya kweli, haandiki tena barua hata moja.

Katika miongo miwili iliyopita kumezuka zana nyingi za mtandaoni zinazokusudia kuliziba pengo hili. Ziko tovuti zinazoorodhesha wabunge na kauli zao, ziko zinazopokea maoni kuhusu miswada, na ziko zinazomwezesha raia kupeleka baruapepe Bungeni kwa kubofya mara moja tu. Zimesifiwa sana, na si bure. Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo wataalamu wa tarakilishi hawakuliona, na ambalo wataalamu wa Kiswahili walipaswa kuliona mapema lakini wakakaa kimya. Zana hizi zimebatizwa majina ya Kiswahili, kisha zikafunzwa kusema Kiingereza. Kaunti ya Taita Taveta, na hususan mji wa Voi, ni mahali pazuri pa kuitazamia kasoro hiyo.

Kwa mujibu wa sensa ya 2019, kaunti hiyo ina wakazi 340,671. Ardhi yake ni pana mno, lakini takriban asilimia 62 imo ndani ya mbuga za Tsavo, hivyo watu wametapakaa pembezoni mwa hifadhi, milimani, katika mashamba ya mkonge na kandokando mwa barabara kuu ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi. Bunge la Kaunti huketi Wundanyi, juu milimani. Kijana wa Kasigau anayetaka kuhudhuria kikao cha bunge hilo aghalabu hulazimika kwanza kuifikia barabara kuu, kisha Voi, kisha Mwatate, ndipo aanze kuipanda milima ya Taita. Akifika, siku imekwisha na nauli imekwisha. Bunge la Taifa na Seneti ziko Nairobi, mbali zaidi ya kilomita 300. Kwa mtu wa namna hii mtandao si pambo la usasa. Ni nauli aliyookoa. Wale wanaodai kwamba mawasiliano ya mtandaoni na viongozi ni anasa ya vijana wa jijini huenda hawajawahi kusubiri matatu ijae huko Maungu.

Isitoshe, mambo ya kuandikiwa barua yamejaa tele. Chemchemi za Mzima zimo katika kaunti hiyo hiyo, ndani ya Tsavo Magharibi, na tangu miaka ya 1950 bomba limekuwa likiyachukua maji yake hadi Mombasa, ilhali maji yangali kilio cha kila msimu wa uchaguzi katika vijiji vya nyanda za chini. Ndovu hutoka mbugani na kuingia mashambani. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa na mnyama na shilingi milioni 3 kwa aliyepata ulemavu wa kudumu, na kila mkazi wa eneo hilo anajua kwamba kuandikwa kwa fidia katika sheria ni jambo moja na kulipwa ni jambo jingine. Kuna masuala ya ranchi, ya vito, ya ardhi na ya basari. Hakuna uhaba wa kiini cha barua. Kilichokosekana ni anwani.

Anwani yenyewe si jambo dogo. Tangu Katiba ya 2010, mpigakura wa Kenya hupiga kura sita kwa mpigo. Ukimwondoa Rais, kijana wa Voi hubakiwa na gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wadi. Nani kati yao aandikiwe kuhusu ndovu? Uhifadhi wa wanyamapori ni jukumu la serikali ya kitaifa, hivyo mwakilishi wadi hana mamlaka ya moja kwa moja juu ya jambo hilo, japo ndiye anayeishi karibu na shamba lililoharibiwa. Nani aandikiwe kuhusu bomba lililopasuka mtaani? Huduma za maji ziko chini ya kaunti, lakini mbunge huahidi visima kila kampeni. Shule ya chekechea ni ya kaunti, shule ya upili ni ya serikali kuu, na basari hutoka kwa wote wawili kwa mifuko tofauti. Matokeo yake ni kwamba barua chache zinazoandikwa huenda kwa mtu asiyehusika, naye kwa furaha huzitupa kapuni akisema si kazi yake. Zana inayofaa, kabla ya kumpa kijana nambari ya simu au baruapepe ya kiongozi, ingemwambia kwa lugha nyepesi: kwa jambo hili mwandikie huyu, kwa sababu hii. Kule Uingereza, tovuti ya WriteToThem, inayoendeshwa na shirika la mySociety tangu 2005, humtaka raia aandike msimbo wa posta wa nyumba yake tu, nayo humtajia wawakilishi wake wote. Nyumba za Kaloleni hazina msimbo wa namna hiyo, lakini kila mpigakura anakijua kituo alichojiandikishia. Hicho chaweza kuwa anwani yake.

Kenya haikuachwa nyuma katika fikra hizi. Huenda hata ilitangulia wengi barani. Mnamo 2005, Ory Okolloh na Conrad Akunga waliasisi tovuti ya Mzalendo ili kufuatilia mienendo ya wabunge. Asili yake inachekesha na kusikitisha kwa wakati mmoja: tovuti rasmi ya Bunge ilikuwa imefungwa baada ya baadhi ya waheshimiwa kulalamika kwamba wasifu wao ulikuwa umewekwa hadharani. Mzalendo iliundwa upya mnamo 2012 kwa msaada wa hao hao mySociety. Baadaye shirika hilo lilizindua jukwaa la Dokeza ili raia watoe maoni kuhusu miswada. Katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, Okolloh pamoja na wenzake walizindua Ushahidi mwanzoni mwa 2008, ramani iliyopokea taarifa za ghasia kutoka kwa wananchi kupitia ujumbe mfupi na mtandao, na ambayo hatimaye ilitumiwa katika mabara mengine.

Mzalendo, Ushahidi, Dokeza. Mwanafunzi wa isimu hawezi kuyasoma majina haya bila kuona fahari kidogo. Lakini akizifungua kurasa zenyewe fahari hiyo hupungua, kwa kuwa nyuma ya mlango wenye jina la Kiswahili anakutana na ukumbi wa Kiingereza. Miswada inayojadiliwa imeandikwa kwa Kiingereza, muhtasari wake vivyo hivyo, na aghalabu hata swali linalomwalika raia atoe maoni. (Jina Dokeza lenyewe lastahili mjadala wa darasani. Kudokeza ni kugusia jambo pasi na kulieleza kinaganaga. Raia anayetozwa kodi hapaswi kudokeza, anapaswa kusema.) Ni kana kwamba Kiswahili kimeajiriwa kuwa bawabu: kinavaa sare nzuri, kinamkaribisha mgeni kwa tabasamu, lakini hakiruhusiwi kuketi mezani.

Mtu anaweza kudai kwamba hili haliepukiki kwa sababu shughuli za serikali huendeshwa kwa Kiingereza. Dai hili ni nusu ya ukweli. Ibara ya 7 ya Katiba inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha mbili rasmi. Ibara ya 120 inaeleza kwamba lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Ikumbukwe kwamba Kiswahili kiliingia Bungeni tangu 1974, kwa agizo la Rais Jomo Kenyatta, na hadi leo mbunge akichangia kwa Kiswahili kauli yake huchapishwa kwa Kiswahili katika kumbukumbu rasmi. Kanuni za Kudumu humtaka hata anayeanza hotuba kwa lugha moja aimalize kwa lugha iyo hiyo, sharti ambalo limewatoa jasho waheshimiwa wengi waliozoea kuchanganya ndimi.

La muhimu zaidi kwa mjadala huu ni haki ya raia kuandika. Ibara ya 119 inampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge lishughulikie jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake. Sheria ya 2012 inayoeleza utaratibu wa maombi hayo inasema wazi kwamba yaweza kuandikwa kwa mkono, kupigwa chapa au kuchapishwa, na kwamba lugha yake ni Kiingereza au Kiswahili. Inamtaka mwandishi atumie lugha ya heshima, aeleze juhudi alizokwisha kufanya ili jambo lake litatuliwe na majibu aliyoyapata, aseme iwapo suala hilo liko mahakamani, kisha ahitimishe kwa kutaja bayana anachokiomba. Msomaji aliyewahi kufunza utungaji atatambua mara moja kwamba huu ni muundo wa barua rasmi ya kidato cha nne, ukiongezewa vipengele viwili au vitatu. Sheria ya Haki ya Kupata Habari ya 2016 nayo inaruhusu ombi la habari liandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili, na inampa afisa wa umma muda usiozidi siku 21 wa kulitolea uamuzi. Kwa hiyo mlango haujafungwa na sheria. Umefungwa na mazoea.

Mazoea hayo yana gharama. Barua za Kiingereza kutoka Taita Taveta huandikwa na wale wale: mwalimu mstaafu, wakili, afisa wa shirika lisilo la kiserikali. Kijana anayeendesha bodaboda katika kituo cha mabasi cha Voi, ambaye ana hoja nzuri kuhusu taa za barabarani na anaweza kuitetea kwa ufasaha kijiweni, huishia kuibana hoja hiyo kifuani kwa kuogopa kuchekwa sarufi. Akipewa nafasi ya kuandika kwa Kiswahili, atatumia lugha anayobishania nayo. Voi ni mji wa mchanganyiko. Ndani yake mna Wadawida, Wasagalla, Wataveta, Wakamba, Wasomali, Waswahili wa pwani na wengineo, na lugha inayowaunganisha sokoni ndiyo iwezayo kuwaunganisha katika ombi moja lenye sahihi nyingi.

Hapa yafaa kutua kidogo na kuzingatia yaliyotokea 2024 na 2025, maana hayo yamebadilisha kabisa jinsi vijana wanavyozitazama zana hizi. Mnamo Juni 2024, wakati wa upinzani dhidi ya Mswada wa Fedha, nambari za simu za wabunge zilisambazwa mtandaoni, nao wakafurikwa na jumbe na simu usiku na mchana. Baadhi ya wabunge walilalamika kwamba wanasumbuliwa. Tarehe 25 Juni mswada ulipitishwa kwa kura 195 dhidi ya 106, vijana wakaingia katika majengo ya Bunge, watu wakapoteza maisha, na siku iliyofuata Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi. Wengi walijifunza kwamba simu ya mbunge huweza kulia. Wengi pia walijifunza, kwa uchungu, kwamba kulia kwa simu peke yake hakukutosha kuwabadilisha waliokuwa wamekwisha kuamua.

Mwaka uliofuata, mtaalamu wa programu Rose Njeri aliunda tovuti iliyomwezesha raia kutuma baruapepe Bungeni kupinga vipengele vya Mswada wa Fedha wa 2025. Hakuvunja mlango wa mtu wala kudukua chochote. Aliirahisisha kazi ambayo Bunge lenyewe lilikuwa limewaalika wananchi kuifanya. Alikamatwa tarehe 30 Mei 2025 na baada ya kuzuiliwa kwa siku kadhaa akafunguliwa mashtaka chini ya sheria ya 2018 ya matumizi mabaya ya tarakilishi na uhalifu wa mtandaoni. Tarehe 20 Juni mahakama iliyatupilia mbali mashtaka hayo kwa kuwa hayakuonyesha kosa lolote linalotambulika kisheria. Wanasheria walisherehekea. Lakini habari ya kukamatwa ilifika mbali zaidi ya habari ya kuachiliwa, kama kawaida ya habari. Kijana wa Ngolia aliyekuwa akifikiria kumtumia mbunge wake ujumbe kupitia tovuti fulani huenda amejiuliza: je, hili nalo ni kosa? Jibu ni kwamba si kosa. Jibu hilo linahitaji kusemwa kwa lugha anayoielewa, katika ukurasa wa kwanza wa kila zana, pamoja na kutajwa kwa Ibara ya 37 inayompa haki ya kuwasilisha maombi kwa mamlaka za umma.

Kuna hoja moja ya wapinzani ambayo haipaswi kupuuzwa. Husemwa kwamba jumbe elfu kumi zinazofanana neno kwa neno ni kelele tu, na kwamba karani wa Bunge akishasoma moja amezisoma zote. Yapo mantiki fulani katika hoja hiyo. Waendeshaji wa WriteToThem waliliona tatizo hili mapema na wakaamua kuzizuia barua za kunakili na kubandika, wakimtaka kila mtu aandike kwa maneno yake mwenyewe. Msimamo huo hauwezi kuchukuliwa mzimamzima. Mswada wa kodi unapowagusa wananchi wote kwa namna moja, idadi yenyewe ni ujumbe, na barua ya pamoja iliyoandaliwa na mtu mmoja haina tofauti na ombi moja lenye sahihi elfu kumi. Suala la bomba la Marungu au la uzio wa umeme huko Sagalla ni tofauti. Hapo kinachomshinikiza kiongozi ni undani: tarehe, jina la mtaa, idadi ya siku bila maji, jina la ofisi iliyokwisha kuandikiwa. Barua ya namna hii haiwezi kunakiliwa. Sharti itungwe. Na utungaji ndio mtaji wa kijana wa Kenya aliyesoma Kiswahili, mtaji ambao umelala benki tangu siku ya mtihani.

Je, si kweli kwamba vijana tayari wanawafikia viongozi wao? Katika makundi ya WhatsApp ya wadi na katika kurasa za Facebook za wanasiasa mna Kiswahili kingi, tena kingine kitamu sana. Lakini mtu akichunguza rejista ya jumbe hizo ataona jambo la kutafakari. Huanza kwa ‘Mheshimiwa’, huendelea kwa sifa na dua, kisha hufika kwenye ombi: karo, mchango wa matanga, jezi za timu. Ni lugha ya mwombaji mbele ya mfadhili. Lugha ya mwajiri mbele ya mwajiriwa wake, yaani ya raia anayeuliza kwa adabu lakini kwa uthabiti fedha za Hazina ya Maendeleo ya Maeneobunge zimetumikaje, ni nadra. Vijana hawana lawama kubwa hapa. Hakuna aliyewaonyesha kwamba Kiswahili kina namna ya kumheshimu mtu na kumdai kwa wakati mmoja. Wazee wa pwani waliijua namna hiyo. Nyaraka za zamani za Waswahili zimejaa salamu ndefu na heshima kem kem, halafu zinafuatwa na dai lisilo na chembe ya woga.

Istilahi nazo zinachangia. Kwa hati ambayo wananchi hulipelekea Bunge, Kiswahili kina neno kongwe, ardhihali. Magazetini na ofisini mtu hukutana na ‘ombi’, ‘malalamiko’, ‘malalamishi’ na ‘rufaa’, kila moja likivutia upande wake. Mwenye kulalamika ni mnyonge, mwenye kuomba anaweza kunyimwa, na mwenye kukata rufaa amekwisha kushindwa mara moja. Ardhihali haina mzigo huo. Ni hati yenye hadhi inayowekwa mbele ya mwenye mamlaka ili aitolee uamuzi. Ikiwa neno hilo linaonekana gumu kwa kijana wa leo, basi lisemwe mara kwa mara hadi liwe jepesi, kama ambavyo ‘ugatuzi’ na ‘uwajibikaji’ yalivyokuwa magumu hapo awali na sasa yanatamkwa hata kwenye matatu.

Watetezi wa Sheng watauliza iwapo Kiswahili sanifu hakitakuwa kikwazo kipya mahali pa kile cha zamani. Ni swali la haki. Zana inayopokea ujumbe wa kawaida kwa mwakilishi wadi haina budi kuupokea kwa Sheng, kwa Kidawida au kwa Kitaveta, na kazi ya kuelewa iwe ya mwakilishi, ambaye wakati wa kampeni huzielewa lugha zote hizo bila mkalimani. Ardhihali kwa Bunge ni suala jingine, kwa kuwa sheria yenyewe imetaja lugha mbili. Hapo kijana asaidiwe kuvuka, asizuiwe.

Kikwazo kingine si cha lugha. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba kati ya Wakenya wa umri wa miaka mitatu na zaidi, asilimia 47.3 walikuwa na simu ya mkononi na asilimia 22.6 pekee walitumia intaneti. Miaka imepita na hali imebadilika, lakini bado si kila simu ya Taita Taveta ni simu ya kisasa, na bando huisha kabla ya mwezi. Mfano wa kuigwa uko Uganda, ambako mnamo 2011 shirika la UNICEF lilianzisha U-Report, mpango unaowauliza vijana maswali kwa ujumbe mfupi usiolipiwa, kwa simu yoyote ile, na ambao wabunge wa nchi hiyo waliunganishwa nao ili wayasome majibu ya vijana wa maeneo yao. Tanzania nayo ina funzo lake. Mijadala ya JamiiForums, iliyoanzishwa 2006, ilivutia umati mkubwa na kuwatikisa wakubwa kwa sababu, pamoja na mambo mengine, iliendeshwa kwa Kiswahili tangu mwanzo bila kuomba radhi.

Hata hivyo, zana bora kuliko zote haina maana iwapo upande wa pili hakuna anayewajibika kujibu. Taita Taveta inajua jinsi sauti ya mwananchi inavyotafutwa wakubwa wanapoihitaji. Mwaka 2019, mvutano wa bajeti kati ya Gavana Granton Samboja na wawakilishi wadi ulimfanya gavana kuongoza ukusanyaji wa sahihi za wananchi ili serikali ya kaunti isimamishwe, maana sheria inadai angalau asilimia 10 ya wapigakura waliosajiliwa waunge mkono ombi la namna hiyo. Oktoba mwaka huo wawakilishi wakapiga kura ya kumng’oa gavana, nalo Seneti likamwokoa. Katika purukushani hizo sahihi ya mkulima wa kawaida ilikuwa lulu. Ilifuatwa hadi mlangoni. Ni vigumu kukumbuka mwaka ambao jibu kwa barua ya mkulima huyo lilifuatwa kwa bidii hiyo.

Ndiyo maana zana yoyote itakayojengwa kwa ajili ya Voi inafaa kuhesabu majibu kabla ya kuhesabu jumbe. WriteToThem humwandikia raia baada ya majuma mawili kumuuliza iwapo amejibiwa, na imewahi kuchapisha takwimu za wabunge wanaojibu na wasiojibu. Hilo halihitaji teknolojia ngeni. Linahitaji jedwali, tarehe na mtu mwenye subira.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina watu wenye subira. Kila mwaka vyama hivyo huandaa makongamano kuhusu mustakabali wa lugha, na mada za utandawazi na teknolojia hazikosi. Mara nyingi maazimio huishia katika kuiomba serikali ifanye hiki au kile. Kazi inayopendekezwa hapa haihitaji serikali: kutafsiri muhtasari wa miswada inayoigusa kaunti, kuandaa kielelezo cha ardhihali kwa Kiswahili kinachofuata sheria ya 2012 kipengele kwa kipengele, kuandaa ombi la habari la ukurasa mmoja, na orodha fupi inayoeleza jambo gani ni la nani kati ya wale viongozi watano. Chuo Kikuu cha Taita Taveta kiko papo hapo Ngerenyi, na wanafunzi wa Kiswahili wa vyuo vingine wenye asili ya kaunti hiyo hurudi nyumbani kila likizo. Waundaji wa programu hawajakataa Kiswahili, hawajaletewa. Eneobunge la Voi lina wadi sita: Mbololo, Sagalla, Kaloleni, Marungu, Kasigau na Ngolia. Rasimu ya kwanza ya vielelezo hivyo, ikijaribiwa na vijana kumi katika kila wadi na kusahihishwa kwa maneno yao wenyewe, yaweza kukamilika katika likizo moja ya Agosti.